Na Mtu wa Nne Ahesabiwe

Hotuba iliyotolewa na mwalimu mmoja mstaafu mbele ya wapenzi wa michezo wa Katangi, katika nchi ya Yatta, Kaunti ya Machakos. Tumeichapa kwa kuwa ubishi unaotajwa humu si wa Katangi peke yake.



Mmeniomba niseme machache juu ya neno ambalo hapa kwetu halingoji msimu. Mvua zaweza kuchelewa, na ndengu zaweza kukauka kabla hazijatia maganda, walakini ubishi juu ya wanamichezo wa Kenya haukauki. Kila yaishapo mashindano makubwa ya mataifa, iwe ni Olimpiki au ni Michezo ya Jumuiya ya Madola, hoteli zetu za chai hugeuka kuwa mabaraza. Huyu asema tumeng'ara. Yule asema tumeaibika. Mwingine asema fedha zimeliwa. Na yule ambaye hakutazama hata shindano moja ndiye agongaye meza kwa nguvu kuliko wote.

Sikuja kuwakemea. Mimi nami ni mmoja wa wagonga meza, na chai yangu imepoa mara nyingi kwa ajili ya mambo hayo. Tena naona ubishi huu ni jambo jema, kwani mtu habishani juu ya kitu asichokipenda. Nimekuja kuwauliza swali moja tu: tunapokaa kuipima timu yetu ya taifa, ni kitu gani tunachokihesabu?

TARAKIMU ZINAZOTUGOMBANISHA

Na tuanze na tarakimu zenyewe. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanywa Delhi, India, mwaka 2010, Kenya ilipata nishani 12 za dhahabu. Huko Glasgow mwaka 2014 zikawa 10. Huko Gold Coast, Australia, mwaka 2018 zikawa 4. Huko Birmingham mwaka 2022 zikawa 6. Mtu akiziandika ubaoni kwa mstari mmoja, 12, 10, 4, 6, atasema bila kusita kwamba twateremka mlima.

Lakini jirani yake naye ana ubao wake. Yeye ataandika Olimpiki: London mwaka 2012, dhahabu 2, Rio de Janeiro mwaka 2016, dhahabu 6, Tokyo, ambayo kwa ajili ya ugonjwa wa korona ilifanywa mwaka 2021, dhahabu 4, Paris mwaka 2024, dhahabu 4. Huyo atasema tulipanda, tukashuka, kisha tukatulia. Na wa tatu atawacheka wote wawili, kwa sababu yeye hahesabu dhahabu peke yake, bali nishani zote pamoja: 17 huko Gold Coast, na 21 huko Birmingham. Kwa ubao wake yeye, twapanda.

Wote watatu wamesema kweli, na bado hatujajua neno. Nimesahihisha mitihani miaka mingi, nami najua ya kuwa alama zaonyesha mtoto amefika wapi, lakini hazionyeshi alitoka wapi, wala alipita njia gani, wala kama alikula chochote asubuhi ile.

Tena ziko sifuri ambazo si za wanariadha. Mkitafuta nishani za Kenya katika Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 na ile ya Moscow ya mwaka 1980, hamtaona hata moja. Si kwamba miguu yetu ilikuwa imechoka. Kenya haikushiriki. Mara ya kwanza ilijitoa pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa kuwa New Zealand iliruhusiwa kushiriki, ingawa timu yake ya raga ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini katika siku zile za ubaguzi wa rangi. Mara ya pili Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizosusia kwa sababu ya vita vya Afghanistan. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972, alikuwa katika nguvu zake mwaka 1976, akabaki mtazamaji kama sisi. Mwenye kuhesabu nishani ataandika sifuri, na sifuri hiyo haitamwambia habari zake.

WALIOTANGULIA BILA NISHANI

Sasa nawaomba turudi nyuma hadi mwaka 1954. Mwaka ule Kenya, iliyokuwa bado koloni, ilipeleka timu kwa mara ya kwanza katika michezo hii ya Jumuiya ya Madola, katika mji wa Vancouver, nchi ya Kanada. Kabla ya hapo wanariadha wetu walishindana London. Huko Nyandika Maiyoro, mtu wa Kisii, alikimbia maili tatu miguu mitupu, kati ya watu waliovaa viatu vya misumari. Waliomtangulia walikuwa wawili tu, Fred Green na Chris Chataway, na hao wawili walivunja rekodi ya dunia katika mbio zile zile. Kisha timu ikaenda Vancouver, na Maiyoro akamaliza maili tatu akiwa mtu wa nne.

Mtu wa nne hapandi jukwaani. Hapewi kitu cha kuvaa shingoni, wala wimbo haupigwi kwa ajili yake. Kenya ilirudi kutoka Vancouver bila nishani hata moja. Kama ubishi wetu wa leo ungalikuwako siku zile, bila shaka mtu angaligonga meza na kusema, "Nauli ya bure!"

Lakini tazameni yaliyofuata. Mwaka 1958, huko Cardiff, Kenya ilipata shaba mbili: moja ya Bartonjo Rotich katika yadi 440 za kuruka viunzi, na moja ya Arere Anentia katika maili sita. Mwaka 1962, huko Perth, Australia, mzaliwa wa Mombasa aitwaye Seraphino Antao, kijana mwenye asili ya Goa, alishinda yadi 100 na yadi 220, akaipatia Kenya dhahabu zake za kwanza katika michezo hii, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Mwaka 1964, huko Tokyo, Wilson Kiprugut alipata shaba ya mita 800, nayo ikawa nishani ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Kisha mwaka 1968, katika mji wa Mexico, zikaja nishani 9 kwa mara moja, na tatu kati yake ni dhahabu: za Naftali Temu, Amos Biwott na Kipchoge Keino.

Toka Vancouver hadi Mexico ni miaka 14. Na huyo Temu, aliyeshinda mita 10,000 na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, alitoka upande ule ule wa Kisii alikotoka Maiyoro. Hapana budi tuseme kwamba mtu wa nne wa Vancouver alikuwa na sehemu yake katika dhahabu ya Mexico. Alikuwa amewaonyesha watoto wa nyumbani kwao kwamba njia ipo.

USIKU ULE WA BIRMINGHAM

Nawakumbusha usiku mmoja ambao wengi wenu mliuona pamoja nami. Ilikuwa Jumatano, tarehe 3 Agosti 2022, na uchaguzi mkuu ulikuwa umebaki siku sita. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Watu waliokuwa wakiazimana majembe walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya rangi za kofia. Katika hoteli niliyokuwamo, upande mmoja walikaa wenye kofia za rangi hii, upande wa pili wenye kofia za rangi ile, na mwenye hoteli alikuwa ameficha chupa zote za soda nyuma ya kaunta, asiamini mkono wa mtu.

Kisha, usiku ukiwa umekwenda sana, walipangwa mstarini watu wanane wa mita 100, na mmoja wao alikuwa Ferdinand Omanyala. Mbio za namna hiyo hazikupi nafasi hata ya kumeza mate. Alishinda kwa sekunde 10.02, akiwaacha Akani Simbine wa Afrika Kusini na Yupun Abeykoon wa Sri Lanka. Mimi niliona kwa macho yangu mwenye kofia ya huku akimkumbatia mwenye kofia ya kule, kisha wote wawili wakakumbuka kofia zao, wakaachana kwa haya. Lakini walikuwa wamekwisha kumbatiana, na mwenye hoteli akatoa soda.

Tangu Antao aliposhinda huko Perth mwaka 1962, hakuna Mkenya mwingine aliyekuwa ameshinda mbio hizo fupi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Ilipita miaka 60 kamili. Babu aliyesikia habari za Antao akiwa kijana aliweza kumsikia Omanyala akiwa na vitukuu.

Sasa, tukiandika "dhahabu moja" tu, tutakuwa tumeandika kidogo mno. Mwaka 2017 kijana huyu alifungiwa kukimbia kwa muda wa miezi 14. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa ameumia mgongo, akaenda kutibiwa, akadungwa sindano ya kutuliza maumivu, na dawa iliyokuwamo ilikuwa miongoni mwa zile zilizokatazwa. Alimaliza adhabu yake, akarudi, na tarehe 18 Septemba 2021, katika uwanja wa Kasarani, akakimbia kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Mwezi Julai 2022 alitakiwa kwenda Marekani kwa mashindano ya dunia, lakini viza yake ilichelewa mno, akafika mji wa Eugene saa chache tu kabla ya mbio zake za kwanza. Akatolewa katika nusu fainali. Siku ile wako waliosema hapa Katangi, "Huyu ni wa nyumbani tu, nje hawezi." Majuma matatu hayakutimia akashinda Birmingham.

Simsemi mtu, maana mmoja wa waliosema neno lile nilikuwa mimi.

MTU WETU WA LOS ANGELES

Najua liko neno jingine ambalo vijana wetu husema kwa unyonge. Husema ya kuwa kukimbia ni kazi ya watu wa nyanda za juu, wanywao maziwa na kukaa penye baridi; sisi watu wa jua na vumbi tumeandikiwa kutazama. Hebu tulitazame neno hilo.

Patrick Makau ni mzaliwa wa Machakos. Tarehe 25 Septemba 2011, katika mji wa Berlin, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38, akaivunja rekodi ya dunia ya Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Cosmas Ndeti, naye wa Machakos, alishinda marathoni ya Boston mara tatu mfululizo, mwaka 1993, 1994 na 1995. Hizo si mbio za Olimpiki wala za Jumuiya ya Madola, kwa hiyo mwenye kuhesabu nishani za michezo hiyo hatawaona. Lakini walikimbia katika dunia ile ile, kwa miguu iliyozaliwa huku kwetu.

Na katika Olimpiki yenyewe yuko Mike Musyoki, ambaye jina lake peke yake latosha kuwaambia ni wa wapi. Mwaka 1984, huko Los Angeles, alikimbia fainali ya mita 10,000. Alberto Cova wa Italia alikuwa wa kwanza, Martti Vainio wa Finland wa pili, Mike McLeod wa Uingereza wa tatu. Musyoki alivuka mstari akiwa mtu wa nne.

Siku chache baadaye ikajulikana kwamba Vainio alikuwa ametumia dawa iliyokatazwa. Jina lake likafutwa. McLeod akapanda hadi fedha, na Musyoki wetu akapanda hadi shaba. Hivyo ndivyo Mkamba alivyopata nishani ya Olimpiki. Lakini fikirini, ndugu zangu. Siku ya mbio, watu walipokuwa wakipiga makofi, yeye alikuwa mtu wa nne. Furaha ya saa ile, ambayo kwayo mtu huamka alfajiri miaka kumi, iliibwa, na aliyeiiba hakuweza kuirudisha. Kwa hiyo nisikiapo kijana akisema kwamba dawa hizi hazimdhuru mtu ila mwenye kuzitumia, mimi humkumbuka Musyoki.

MSICHANA AMBAYE SIKUMWANDIKA

Hapa nitaungama jambo langu mwenyewe. Wakati nilipokuwa mwalimu kijana, nilipewa kazi ya kusimamia michezo katika shule moja ambayo sitaitaja. Tulikwenda katika mashindano ya tarafa. Sheria ilikuwa kwamba watatu wa kwanza wataendelea hadi wilayani. Katika mita 1,500 za wasichana, msichana wetu mmoja alikimbia bila viatu, akamaliza wa nne, nyuma ya wa tatu kwa hatua chache. Mimi nilikuwa na daftari mkononi. Nikaandika majina matatu, nikalifunga.

Jioni, tukirudi, wenzake wakanieleza kwamba asubuhi ile, kabla hakujapambazuka, alikuwa amekwenda mtoni kuteka maji, akarudi na mtungi mgongoni, ndipo akaja kukimbia. Nikasema, "Kumbe!" Basi, sikusema zaidi. Sikwenda kwao kuzungumza na wazazi wake. Sikuandika muda aliotumia. Muhula uliofuata hakurudi shuleni, na hapana aliyeuliza, kwa kuwa jina lake halikuwa katika daftari lolote.

Mama huyo yu hai, ana wajukuu. Mwaka 2022, baada ya Mary Moraa kushinda mita 800 huko Birmingham, tulikutana njiani. Mtakumbuka mbio zile: Moraa alianza kwa kasi sana, akapitwa, akarudi nyuma hata tukadhani amekwisha, kisha katika mzunguko wa pili akaanza kuwapita mmoja mmoja, na mwisho akampita Keely Hodgkinson wa Uingereza mbele ya watu wake mwenyewe. Mama yule akaniambia akicheka, "Mwalimu, hata mimi siku ile nilikuwa nakuja." Akaendelea na safari yake. Nilisimama pale barabarani muda mrefu.

Na tuitazame hesabu ya wanawake, kwa kuwa hii ndiyo hesabu ambayo sijaisikia hotelini. Kenya iliingia Olimpiki mwaka 1956. Mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata nishani ni Pauline Konga, aliyepata fedha ya mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996. Ni miaka 40. Wa kwanza kupata dhahabu ni Pamela Jelimo, mita 800, huko Beijing mwaka 2008. Sasa njoni Birmingham mwaka 2022: katika dhahabu 6, tatu ni za wanawake, yaani Moraa, Beatrice Chebet na Jackline Chepkoech. Njoni Paris mwaka 2024: katika dhahabu 4, tatu ni za wanawake, mbili za Chebet na moja ya Faith Kipyegon; na katika nishani zote 11, saba ni za wanawake.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kwa miaka 40 tulikuwa tukigonga meza na kuilaumu timu, hali nusu ya timu ilikuwa mtoni ikiteka maji.

MAMBO MANNE YALIYO MIKONONI MWETU

Sisi watu wa Katangi hatuchagui timu ya taifa, wala hatutoi viza. Lakini yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu, nami nitayataja manne.

La kwanza ni uwanja uliopimwa na daftari lililoandikwa. Mtoto akikimbia mahali pasipopimwa, hapana ajuaye kama ni mwepesi au ni mzito. Wala haihitaji fedha nyingi. Kwa mzunguko wa mita 400, chomekeni vigingi viwili vilivyoachana mita 84 na sentimita 39. Chukueni kamba ya mita 36 na nusu, ifungeni katika kigingi kimoja, na kwa ncha yake chora nusu duara. Fanyeni vivyo hivyo katika cha pili, kisha unganisheni kwa mistari iliyonyoka. Kiwanja kikiwa kidogo, vigingi viachane mita 40, kamba iwe mita 18 na sentimita 80, nanyi mtapata mzunguko wa mita 200. Mstari uwekwe kwa chokaa, au hata kwa majivu. Kisha awepo mtu mwenye saa na daftari, aandike jina na muda wa kila mtoto, wa kwanza na wa mwisho. Na mtu wa nne aandikwe.

La pili ni wasichana. Simwambii mzazi asimtume bintiye maji, maana najua hali ya nchi yetu wakati wa kiangazi. Namwambia tu kwamba siku ya mashindano mtungi waweza kubebwa na kaka yake. Siku moja tu. Na mwalimu akiona mtoto hakurudi shuleni, aende kwao akaulize. Asifanye kama nilivyofanya mimi.

La tatu ni dawa. Mwezi wa Novemba 2022 Kenya iliponea chupuchupu kufungiwa na chama cha riadha cha dunia, kwa sababu ya wingi wa wanariadha wetu waliokamatwa kwa dawa zilizokatazwa. Serikali ikaahidi kutoa dola milioni 5 kila mwaka, kwa miaka mitano, ili kuupiga vita uovu huo. Ni fedha nyingi ambazo zingaliweza kununua viatu. Kijana akianza kushindana, afundishwe mapema kumwambia daktari kabla ya sindano, "Mimi ni mwanariadha, je, dawa hii imeruhusiwa?" Swali hilo halina gharama. Na akija mtu na kichupa kisicho na jina, akasema ni nguvu tu, afukuzwe kama mwizi wa mbuzi.

La nne ni fedha. Baada ya Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016, wanamichezo walinung'unika juu ya nguo na safari zao, na mwaka 2021 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani baadhi ya wakubwa waliosimamia safari ile. Ni vema sheria ilifuata mkondo wake. Walakini na tujiulize sisi nasi: zile shilingi tulizochanga kwa ajili ya jezi za timu yetu ya vijana, hesabu yake ilisomwa lini? Mtu asiyedai hesabu ya shilingi mia hapa nyumbani hana sauti ya kudai hesabu ya mamilioni huko Nairobi. Mwenye kutunza fedha asione haya kusoma, na mwenye kuchanga asione haya kuuliza.

MWISHO WA MANENO

Wazee wangu, akina mama na vijana, sijawakataza kugonga meza. Michezo mingine itakuja, na Kenya itashinda, na Kenya itashindwa, nasi tutakaa pale pale na kubishana hadi chai ipoe. Ninaloomba ni kwamba baada ya kuhesabu dhahabu, fedha na shaba, mmoja wetu aulize pia: je, mwaka huu hapa Katangi tumewaandika watoto wangapi katika daftari? Wasichana ni wangapi? Nani alikuwa wa nne, na leo yuko wapi?

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, nitakuwa katika uwanja wa shule pamoja na vigingi, chokaa na kamba. Kamba ina ncha mbili, nami nina mikono ya kizee. Atakayefika mapema atanishikia ncha ya pili.